Mwaka Niliokaa Nyuma ya Shuka

Mwezi jana tulimzika Mwalimu Barasa shambani kwake Kiplombe, nami nikarudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia. Najua si vizuri kumkasirikia marehemu. Binti yangu ameniambia hivyo, na mimi mwenyewe najiambia hivyo kila asubuhi nikichemsha chai, lakini hasira haisikii. Mtu akikukosea angali hai unaweza kumwendea, ukakaa kwenye kochi lake, ukakataa soda yake mpaka aeleze alichokufanyia. Huyu wangu ameshafunikwa udongo, na watu bado wananitumia pole kwenye simu kwa sababu wanajua nilikuwa mmoja wa vijana wake wa maigizo. Kwa hivyo naandika. Nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka niliofanya kazi naye, na mambo ya kwetu nyumbani nitayaacha huko huko kwetu, kwa maana hayahusiki.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nakaa Huruma, katika chumba cha kupanga, pamoja na msichana mwenzangu aitwaye Jerono. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, jiko la mafuta ya taa na kamba ya nguo iliyopita juu ya vichwa vyetu, hivi kwamba ukiamka ghafla unavaa soksi za mwenzako usoni. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na fundi wa masufuria, na kazi yake ndiyo iliyokuwa saa yetu ya kengele. Jerono alikuwa mvivu wa kupika na mwepesi wa kula. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nakata mboga ya sukuma, naosha sufuria, na yeye anakaa kitandani ananisimulia watu wa plotini: mama wa chumba cha mwisho anavyotembea akiwa na deni la kodi, kinyozi anavyomeza mate akimsalimia landilodi. Alikuwa na kipawa, sitakataa. Ningekuwa nimekasirika kabisa juu ya vyombo na bado nacheka mpaka mwiko unanidondoka.

Sisi wawili tuliingia kikundi cha Mwalimu Barasa siku moja, hiyo hiyo. Yeye alikuwa amefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, kisha akaacha darasa na kuanza kuzungusha michezo ya kuigiza mashuleni. Waliosoma hapa Kenya wanaijua kazi hiyo. Watahiniwa wa kidato cha nne wana tamthilia yao ya kusoma kwa ajili ya mtihani, na vikundi vinazunguka kutoka shule hadi shule kuigiza kitabu hicho hicho, onyesho kwa onyesho, ili mwanafunzi aone kwa macho kile ambacho amekuwa akikikariri kwa mateso. Ni maigizo ya namna yake. Hadhira yote ina kitabu magotini. Ukiruka sentensi, watoto mia nne wanajua umeruka. Ukibadilisha neno, mwalimu wao atakusubiri mlangoni na kalamu nyekundu. Mchezo wetu mwaka ule ulikuwa wa diwani mmoja aliyekula pesa za mradi wa maji, na mkewe, Bi Tunu, ambaye katika onyesho la tatu anagundua kwamba ndoa yake yote imejengwa kwa mabomba ya wizi. Hapo anamkabili mumewe kwa hotuba inayoanza, "Nilikupikia miaka kumi bila kujua ninalisha nani." Nilipoisoma sentensi hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu. Nilitaka kuwa Bi Tunu. Sijawahi tena kutaka kitu kwa namna ile, hata mume sikumtaka hivyo.

Mazoezi tulifanyia mjini, katika chumba cha juu cha stoo ya Mzee Abdi Noor, mfanyabiashara wa blanketi na vitambaa. Kulikuwa na marobota mpaka darini, na harufu ya pamba mpya iliyokuwa ikitupigisha chafya katikati ya mapenzi na katikati ya kifo. Mwalimu Barasa alichora jukwaa sakafuni kwa chaki. Hapa ni mbele ya jukwaa, karibu na watu. Hapa ni nyuma ya jukwaa. Kulia ni kulia kwako wewe unayeigiza, wala si kwa anayekutazama, na ukisahau hilo mtagongana mlangoni kama mbuzi. Alitufundisha kwamba maleba ni nguo za mhusika wala si nguo zako, kwa hivyo usizinyooshe ukiwa jukwaani. Alitufundisha kutompa mtazamaji mgongo, kumsubiri mwenzako amalize kyu yake, yaani neno lake la mwisho linalokuita wewe, na kunyamaza bila kufa, maana kituo kina uhai wake. Nilishika kila kitu. Akiuliza swali, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Jerono alikuwa akichanganya kulia na kushoto mpaka Mwalimu akamfunga kitambaa chekundu mkononi.

Wakati mwingine Mzee Abdi Noor alipanda ngazi na birika la chai ya iliki, akakaa juu ya robota kututazama. Kilichomsumbua ni kwamba kila siku Bi Tunu anatukanwa na mumewe palepale, na kila siku hakuna mtu anayefanya lolote. Siku moja alimkatiza Mwalimu katikati ya maelekezo. "Huyu mama hana ndugu?" aliuliza. Mwalimu akamweleza kwamba ni kitabu, mzee, kimeandikwa hivyo. Mzee akatikisa kichwa na kumimina chai kikombeni, na tangu siku hiyo alimwamkia kijana aliyeigiza diwani kwa ubaridi, hata walipokutana barabarani.

Sehemu zilipogawanywa, Jerono alifika amechelewa, anatafuna mahindi, akapewa Bi Tunu. Mimi nilipewa kigoda. Mwalimu aliniita kando, karibu na dirisha, akaniambia kikundi hakiwezi kusimama bila mkumbushaji, mtu wa kukaa nyuma ya pazia na kitabu na kumtupia mwigizaji maneno anapokwama. Alisema kazi hiyo haipewi mtu hivihivi. Alinieleza sheria zake: usionekane, maneno mawili matatu ya kwanza, bila hisia yoyote, kwa sababu hisia ni za mwenyewe atakayeyasema. Asiposhika, rudia kwa nguvu zaidi. Niliuliza kama siku moja nitaigiza Bi Tunu. Akaniambia, "Muhula wa pili tutaona, Wambui." Nilikuwa mtoto wa kuamini watu wazima. Nikabeba ahadi hiyo kama yai.

Basi tukaanza kuzunguka. Tulipanda pikapu ya kukodi, maleba kwenye gunia, sisi juu ya gunia, mpaka shule za pande za Moiben na Turbo na kwingine ambako barabara ilikuwa jina tu. Maonyesho yalikuwa mchana, katika kumbi za kulia chakula, meza zimesukumwa kando na harufu ya maharagwe bado iko hewani. Pazia letu lilikuwa shuka mbili za kitanda juu ya waya. Nyuma ya shuka hizo ndiko nilikokaa karibu mwaka wangu mzima, kigodani, na kitabu ambacho sikukihitaji kwa sababu nilikuwa nimekimeza chote: diwani, mkewe, mlinzi, wazee wa kamati, hadi maelekezo ya jukwaani. Sikuwaona watazamaji. Niliwasikia tu wakifungua ukurasa, wote kwa pamoja, kama mvua inayoanza kwenye mabati, na kwa sauti hiyo ningeweza kujua tumefika wapi hata kama ningelala.

Na kila shule, bila kukosa, tukifika onyesho la tatu, Jerono anasahau. Anasahau palepale. Diwani anamaliza maneno yake, Jerono anamgeukia, anafungua mdomo, na hakuna kitu. Mimi nyuma ya shuka nanong'ona, "Nilikupikia miaka." Kimya. Nanong'ona tena, jasho linanitoka, "Nilikupikia miaka kumi." Kimya bado, naye amesimama tu kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Mara ya tatu nasema kwa nguvu zote za mtu aliyekata tamaa, "Nilikupikia!" na hapo ukumbi mzima unapasuka kwa kicheko, wengine wanapiga meza, wengine wanamsomea sentensi yote kutoka kwenye kitabu. Jerono anangoja. Kicheko kinapoanza kufifia, anaisema sasa, polepole, kwa sauti ya chini, na ghafla hakuna anayecheka. Katika shule moja ya wavulana nilisikia mtu akipenga kamasi. Mimi nilikuwa bado natetemeka kwa aibu, aibu yake yeye, maana nilijua wanamcheka, na nilishukuru kwamba angalau mimi nilikuwepo.

Kule Huruma nilimfanyisha Jerono mazoezi hadi nikakonda. Ninasonga ugali, yeye anasema hotuba. Anakula, anarudia hotuba. Hakukosea hata mara moja. Angeweza kuisema akiwa na mboga mdomoni, akiwa anafunga viatu, akiwa nusu usingizini. Fundi wa masufuria upande wa pili alikuja kuijua pia, akawa anatuimbia akigonga bati. Nilimuuliza Jerono, sasa wewe, hapa unajua, kule unasahau, una nini? Akasema ni macho ya wale watoto. Nikamwonea huruma. Nikamwambia asijali, nitapaza sauti zaidi. Alinitazama kidogo, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, kisha akaomba nimwongezee sukuma. Nikamwongezea, mjinga mimi, tena sehemu yenye nyama.

Mwalimu naye hakumkaripia, na hilo ndilo lililonichoma. Mtu akichanganya kulia na kushoto anafungwa kitambaa, mtu akisahau mstari ule ule mwaka mzima anapewa soda. Nilimwendea katikati ya muhula wa pili nikamkumbusha tulivyoongea. Akasema nivute subira, kikundi kiko vizuri, shule zinatuita, kitu kikienda usikiguse. Nikamwambia mimi naijua hotuba ile bila kusahau neno. "Najua," alisema, na akanishika bega. "Wewe ndiwe mtu wangu wa maana kabisa hapa." Nilienda nikalia katikati ya blanketi za Mzee Abdi Noor. Sifa ya namna ile ni njaa juu ya njaa, na hadi leo mtu akiniambia mimi ni wa maana kabisa mahali fulani, natafuta mlango.

Muhula wa tatu ulipoanza Jerono alipata kazi Nakuru, katika ofisi moja, kazi ya mshahara na kiti. Aliaga kwa machozi, akaniachia jiko lake la mafuta na gauni la Bi Tunu likiwa limefuliwa. Wiki ile ile tulikuwa tunangojewa na shule kubwa ya wasichana. Mwalimu akasema atatafuta msichana mwingine. Nilisimama mbele ya wote nikasema, "Mwalimu, niliahidiwa." Aliuliza nani basi atakaa nyuma ya shuka, nami nikajibu kwamba nikiwa mimi jukwaani hatahitajika mtu, kwa sababu mimi sisahau. Nakumbuka alishusha pumzi kama mtu anayeuza ng'ombe asiyetaka kumuuza. Akasema sawa.

Sitaisahau siku ile. Nilivaa gauni, nikatoka kupitia kulia nyuma, nikasimama pale nilipopaswa kusimama, nikaona hadhira kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Wasichana wengi, sweta za rangi moja, benchi baada ya benchi. Nikaanza. Maneno yalitoka moja baada ya jingine bila kukwaruza, na nilikuwa na furaha, furaha ya kweli, kwa muda wa kama ukurasa mmoja. Kisha nikagundua kwamba sioni nyuso. Naona nywele. Wote walikuwa wameinamisha vichwa vitabuni, wananifuata kwa kidole, na kwa kuwa sikuwa nikikosea hata silabi, hapakuwa na sababu ya mtu kunyanyua macho. Nilipaza sauti. Nilitembea mbele ya jukwaa, karibu kabisa nao. Wakafungua ukurasa. Onyesho la tatu lilipofika nilimgeukia diwani nikasema hotuba yangu, ile niliyoingoja kwenye kigoda mwaka mzima, na niliisikia masikioni mwangu ikitoka jinsi nilivyozoea kuitoa: sawasawa, bila hisia, tayari kwa mtu mwingine kuichukua. Hakuna aliyecheka wala kupenga kamasi. Msichana mmoja wa mbele alipiga mstari chini ya sentensi kwa rula.

Baadaye mwalimu wao alitushukuru, akasema onyesho limesaidia sana kwa marudio. Tukapanda pikapu. Mwalimu Barasa alikuwa mbele na dereva, akageuka dirishani akaniambia, "Hukuacha hata neno moja, Wambui." Nilijua si sifa. Tulifanya shule nyingine chache, ikawa hivyo hivyo, kisha mialiko ikapungua. Mwisho wa mwaka kitabu cha mtihani kikabadilishwa, na ule mchezo ukafa siku moja nchi nzima, kwa maana hakuna anayeita kikundi kuigiza kitabu ambacho hakitahiniwi. Mimi nikaenda kusomea ukatibu. Nilipiga chapa barua za watu wengine mpaka nilipostaafu, na sikuwahi kukosea herufi. Lakini bado ninao wote humu kichwani, diwani na mkewe na wazee wa kamati, wananizungukia nikiosha vyombo, na hakuna wa kumpa.

Kwa miaka yote hiyo nilijieleza jambo moja: sina kipawa, basi. Kuna wenye kipawa na kuna wenye kumbukumbu. Si maelezo mabaya. Mtu anaweza kuishi nayo na kulea watoto. Ndiyo niliyokwenda nayo Kiplombe mwezi jana, nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, nikangoja chakula. Jerono alikuwapo. Amenenepa, ana miwani, lakini aliposhika kipaza sauti kutoa rambirambi watu waliacha kuongea, na alikuwa hajasema kitu bado.

Akawasimulia waombolezaji namna Mwalimu alivyokuwa mjanja. Alisema Mwalimu alijua watoto wenye vitabu hawakutazami, wanasoma, kwa hivyo alimfundisha kusahau. Onyesho la tatu, mahali pale pale, nyamaza. Na nyuma ya pazia kulikuwa na msichana mmoja mwaminifu kupita kiasi, ambaye angeanza kunong'ona, halafu anong'one zaidi, mpaka shule nzima imsikie anavyohangaika. Watoto wanacheka, wanainua vichwa kutafuta sauti inatoka wapi, na wakishainua vichwa, alisema Jerono, hapo unawapiga na hotuba. Akaigiza mnong'ono wangu. Aliuigiza vizuri sana, hata ile pumzi ninayovuta kabla. Hema lote likacheka, mjane mwenyewe akacheka akijifuta macho, na Jerono akanyoosha kidole, "Na huyu hapa, yuko hai." MC akaniomba nisimame niwanong'onee kidogo. Nikasema nina mafua.

Nilimkuta Jerono baadaye penye tangi la maji, tunanawa mikono kwa ajili ya chakula. Nilimwambia tulilala kitanda kimoja mwaka mzima. Nilimwambia nilimpikia, nikamfanyisha mazoezi ya kitu alichokuwa anakijua, na kila shule nilitetemeka kwa ajili yake. Nilimwambia kwamba kumbe kicheko kile chote kilikuwa changu, na hata siku moja sikuinama mbele ya watu pamoja na wengine, kwa sababu wakati mnapigiwa makofi mimi nilikuwa napanga maleba guniani. Hakujitetea. Alisema mara nyingi alitaka kuniambia, hasa pale Huruma, lakini alikuwa amekatazwa.

"Sasa kwa nini, Jerono? Kwa nini hamkuniambia?"

Alifunga mfereji. Alikuwa na uso wa mtu anayesikitika kweli, na Jerono si mtu ambaye mimi naweza kujua anapoigiza.

"Mwalimu alikataa," alisema. "Alisema wewe ndiye ulikuwa best kwa hiyo group yote, na siku tukikuambia, utaanza ku-act."